Berlin wakati wa baridi, siku tatu, peke yako: mwongozo wa mtu aliyetoka kwenye joto

Baridi ya Berlin inavalika. Kinachomsumbua mgeni kutoka kwetu ni giza. Katikati ya Disemba jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika chache jioni. Sisi tumezoea saa moja iwe mwanzo wa mchana na saa kumi na mbili iwe mwisho wake, mwaka mzima, kwa hiyo jambo hili linatuvuruga kuliko tunavyodhani. Ukiamka saa nne kwa uchovu wa safari, ukanywa chai taratibu, ukaoga na kutoka saa sita, umebakiwa na saa nne tu kabla taa za barabarani hazijawaka. Na huo mwanga wenyewe mara nyingi ni wa kijivu, kama asubuhi ya Lushoto mwezi wa saba ambayo haijaamua kukucha.

Mwislamu ataliona jambo hili haraka zaidi: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana ndani ya saa nne hivi. Unatoka kuswali moja, hujamaliza kahawa, nyingine imeingia.

Kwa hiyo panga siku zako kwa kanuni moja: mwanga utumie nje, giza utumie ndani. Mimi nilikwenda wiki ya pili ya Januari, nikakaa siku tatu kamili. Yafuatayo ndiyo ningemwambia mdogo wangu kama angekuwa anaondoka kesho.

Karatasi kwanza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usiingoje hiyo ya mwisho, hasa ukisafiri Disemba. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwa uchache. Andaa ratiba ya ukurasa mmoja: siku gani, mtaa gani, unalala wapi. Mimi niliulizwa dirishani, "Unakwenda peke yako kufanya nini?" Nikatoa ule ukurasa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kutoka Dar au Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja. Ukipitia Istanbul au Doha utakaguliwa mpakani Berlin yenyewe. Ukipitia mji mwingine wa Schengen, utapita mpakani hukohuko, na mfumo ulioanza Oktoba 2025 unachukua picha ya uso na alama za vidole, kwa hiyo usikate tiketi ya kuunganisha yenye nafasi ya saa moja.

Kuhusu tarehe: ukitaka masoko ya Krismasi, nenda kati ya mwisho wa Novemba na Disemba 22 hivi. Tarehe 24 hadi 26 maduka mengi hufungwa na mji unanyamaza, na kwa mtu aliye peke yake ni siku ndefu sana. Mkesha wa mwaka mpya watu huwasha fataki mitaani kila mahali, nyingine zikirushwa ovyo. Asiyependa vishindo asiwepo. Januari ni wazi, ni rahisi zaidi, na hakuna msongamano.

Nguo: anzia kwenye mitumba

Usinunue koti Berlin. Nenda Karume pale Ilala, au Memorial ya Moshi, ambako nguo za baridi hazikosekani kwa sababu ya wapanda mlima. Wakenya wana Gikomba na Toi. Makoti mazito hayana wateja wengi Dar, na muuzaji anajua, kwa hiyo bei hushuka ukijifanya unaondoka. La kwangu, jeusi, refu hadi magotini, lilikuwa na lebo ya duka la Ujerumani. Tulikuwa tunalirudisha kwao.

Kabla ya kulipa, pandisha na kushusha zipu mara tatu. Bonyeza mishono: manyoya ya bata yakichomoza, yataendelea kuchomoza kwenye kila kiti utakachokalia. Hakikisha lina kofia na mfuko wa ndani wenye zipu. Huo mfuko nitaurudia.

Chini ya koti usivae sweta moja nene. Vaa nguo tatu nyembamba: fulana ya mikono mirefu inayobana mwili, shati au sweta jepesi, kisha kizibao. Sababu ni hii: nje nyuzi sifuri au chini yake, ndani ya treni na makumbusho zaidi ya nyuzi ishirini. Aliyevaa sweta zito anatoka jasho ndani, halafu jasho lile linampoza akitoka nje. Januari joto la Berlin huzungukia sifuri. Usiku hushuka chini ya hapo, na mara mojamoja hufika hasi kumi. Theluji usiitegemee. Nilichokipata mimi zaidi ni manyunyu, upepo, na mawingu yaliyokaa juu ya mapaa kama sufuria iliyofunikwa.

Kofia ifunike masikio. Glovu ziwe zile zinazokubali kugusa skrini ya simu. Beba mafuta mazito ya kupaka, ya mgando au ya nazi, kwa sababu hewa ya vyumba vinavyopashwa joto inakausha ngozi mpaka miguu inaandikika. Midomo paka kabla ya kutoka. Ukisubiri ipasuke umechelewa.

Viatu: soli ya mpira yenye meno, na kiwe kikubwa kidogo ili soksi mbili zienee. Siku ya pili asubuhi nilianguka kituo cha basi mbele ya watu sita. Lami ilionekana imelowa tu, kumbe ni barafu nyembamba kama ganda la kitunguu. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama mmoja aliniokotea kofia, akanionyesha kwa kidole kokoto ndogo zilizomwagwa upande wa pili wa njia. Tangu hapo natembea kwenye kokoto, hatua fupi, mikono nje ya mifuko, kama mtu anayevuka jaruba la mpunga.

Kulala na kutua

Chagua chumba kwa umbali wake kutoka kituo cha treni. Dakika tano kwa mguu, zisizidi. Chumba cha bei nafuu kilicho dakika ishirini kutoka kituoni kitakugharimu usiku ukirudi na upepo usoni. Jua pia kwamba mji unatoza kodi ya mgeni ya asilimia 7.5 juu ya bei ya chumba, na mara nyingine hulipwa pale mapokezi.

Uwanja wa ndege ni mmoja, BER. Uko ukanda C wa nauli, na mji wenyewe ni A na B. Kwa hiyo siku ya kutua na ya kuondoka nunua tiketi ya ABC, kama euro 5; siku nyingine AB inatosha. Treni ya S9 inatoka uwanjani, inapita Warschauer Straße, Alexanderplatz, kituo kikuu cha Hauptbahnhof mpaka Zoologischer Garten. Kwa anayezunguka kutwa, tiketi ya saa 24 ina nafuu: inahesabu kutoka dakika uliyoigonga, kwa hiyo ukiigonga saa nane mchana bado inakufaa asubuhi yake.

Nimesema kuigonga. Vituo havina mageti wala mtu wa kukuzuia, na hapo ndipo wageni wanaponaswa. Tiketi ya karatasi lazima uichomeke kwenye kiboksi kilichopo jukwaani, au ndani ya basi, kipige muhuri wa tarehe na saa. Bila muhuri ni kama huna tiketi. Wakaguzi wanavaa nguo za kiraia, wanakaa kimya mpaka milango ifungwe, kisha wanatoa vitambulisho. Faini ni euro 60, na "mimi mgeni" haisaidii. Ukinunua kwenye programu ya simu hakuna haja ya kugonga, ila nunua kabla ya kupanda.

Saa yako na saa yao

Ratiba zao zote ni za saa 24. Toa sita (kuanzia 19:00 toa kumi na nane) upate saa ya Kiswahili: 10:00 ni saa nne, 16:00 ni saa kumi. Unadhani hili halihitaji kuandikwa. Mimi nilijiandikisha kuingia kuba ya Bunge, Reichstag, saa 10:00. Kwenye daftari nikaandika "Kuba, 10". Asubuhi ile nikatembea zangu bila haraka, na saa kumi jioni nikafika mlangoni, pasipoti mkononi, nikiwa na furaha ya mtu aliyewahi. Kijana wa ulinzi alitazama orodha, akanitazama, akatazama saa yake. Nilikuwa nimechelewa saa sita.

Alinielekeza kwenye kibanda cha huduma kilicho ng'ambo ya barabara, ambako hugawa nafasi zilizobaki kwa wanaoweza kungoja saa mbili au zaidi. Nikapata ya saa moja na nusu usiku. Na hapo nikagundua kwamba nimekosea kwa bahati nzuri: kuba ni ya vioo, njia yake inazunguka kama konokono hadi juu, na usiku mji mzima unawaka chini yako. Asubuhi ya mawingu ningeona kijivu. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: jiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bundestag, yaani Bunge lenyewe, ni bure, na uchague saa ya giza kwa makusudi. Mapokezi huendelea mpaka usiku. Nenda na pasipoti halisi. Usivue koti, maana kuba iko wazi juu na upepo unaingia.

Siku ya kwanza: katikati ya mji

Saa mbili na nusu asubuhi uwe Brandenburger Tor. Lango hili lilimalizika 1791, na saa hiyo utakuta wafagiaji na watu wawili watatu wanaokwenda kazini. Ukifika saa sita utakuta makundi.

Pita kushoto kwako ukilipa mgongo jiji la mashariki, yaani kusini ya lango, dakika chache tu ufike kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya: nguzo 2,711 za zege, kijivu, zisizo na maandishi. Ukiwa nje zinaonekana za kiunoni. Ukiingia ndani ardhi inashuka na nguzo zinakuzidi kimo. Kuingia peke yako ni tofauti na kuingia na kundi. Sauti za barabara zinapotea, na kila njia panda unaona tu kipande cha anga. Usipande juu ya nguzo wala usipige picha za mapozi.

Kisha ifuate Wilhelmstraße kwenda kusini hadi namba 92. Utakuta bao la maelezo tu, na magorofa ya kawaida ya makazi. Hapo ndipo palipokuwa na jumba ambamo, kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, Bismarck aliwakusanya wajumbe wa mataifa kugawana Afrika. Jumba halipo tena. Nilisimama dakika kumi, na watu wakapita na mifuko ya maduka. Sikujua nifanye nini na dakika zile, ila sikutaka ziwe tisa.

Endelea mbele mpaka Niederkirchnerstraße. Hapo kuna Topographie des Terrors, makumbusho ya bure juu ya mashine ya mauaji ya Wanazi, na nje yake kipande kirefu cha Ukuta, ule uliowahi kuugawa mji mashariki na magharibi. Hufunguliwa kila siku kuanzia saa nne asubuhi, hata Jumatatu ambapo makumbusho mengi ya mji yamefungwa. Kwa wakati huu vidole vya miguu vitakuwa vimeanza kulalamika, kwa hiyo ndani panafaa kwa sababu mbili.

Baada ya chakula panda treni hadi Zoologischer Garten. Ingia kanisa jipya lililo kando ya mnara uliovunjwa na mabomu 1943, Kaiser-Wilhelm-Gedächtniskirche: kuta zake zote ni vigae vya kioo cha buluu, na ukikaa ndani unahisi uko chini ya maji ya Mafia. Viti vipo, pana joto, hakuna anayekuuliza kitu. Giza likianza kushuka, panda basi namba 100. Lilianzishwa 1990 kuunganisha pande mbili za mji, na kwa nauli ya kawaida linapita bustani ya Tiergarten, nguzo ya ushindi, ikulu ya rais, na kushusha karibu na Reichstag. Kaa ghorofani, kiti cha mbele kabisa. Mabasi ya watalii yatakuuzia safari kama hiyo kwa bei mara kadhaa.

Siku ya pili: ukuta wa udongo na mifupa ya Lindi

Siku hii isiwe Jumatatu. Anza Nordbahnhof, utokee Bernauer Straße. Ukuta ulijengwa kuanzia Agosti 13, 1961, na hapa ulipita usawa wa nyumba za watu: mlango ukifunguliwa, kinjia kilikuwa cha magharibi. Watu waliruka kutoka madirishani. Leo ni uwanja wa nyasi wenye nguzo za chuma zilizosimama mahali Ukuta ulipopita, na unatembea taratibu ukisoma.

Katikati kuna kanisa dogo la mviringo, Kapelle der Versöhnung. Kanisa la zamani lilikuwa limekwama katikati ya eneo la mpaka, na serikali ya mashariki ikalilipua 1985. Jipya lilijengwa kwa udongo wa kushindiliwa. Nilipoona vile nikavua glovu nikaugusa ukuta. Udongo mkavu, wenye mistari ya kila tabaka, na ndani yake vipande vya matofali na vioo vya kanisa lililovunjwa, wamevichanganya humohumo. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya udongo. Sikutegemea kuukuta ukuta wa namna ile kwenye mji wa zege.

Kutoka hapo, Invalidenstraße moja kwa moja, kama dakika kumi na tano kwa mguu, utafika Museum für Naturkunde. Tiketi ni kama euro 11. Acha koti kwenye makabati. Beba sarafu ya euro 1 au 2.

Ukipita mlango wa pili unamkuta: dinosauri, mnyama mkubwa wa kale, mifupa yake imesimamishwa. Kimo chake ni mita 13.27, na shingo inapanda mpaka unalazimika kurudi nyuma hatua kumi ili uone kichwa. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, zamani akiitwa Brachiosaurus. Ametoka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mamia ya tani za mifupa na mawe yake, na waliochimba na kubeba ni wenyeji. Hakukuwa na reli wala mnyama wa mizigo: mifupa ilibebwa kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa kazi pale kilimani alikuwa Boheti bin Amrani. Lishike jina hilo kabla hujaingia ukumbini.

Tafuta pia Kentrosaurus, mdogo, mwenye miiba mgongoni na mkiani. Naye ni wa kwetu. Fuvu lililo juu ya shingo ya yule mkubwa ni la kuigiza. La kweli linawekwa chini, na ndilo la kulisogelea. Mfupa wa paja nilisimama nao bega kwa bega, nikashindwa. Mtoto mmoja wa Kijerumani alikuwa akimsomea baba yake lile bao la maelezo, akafika kwenye neno "Tansania", akalitamka vizuri kabisa. Nikataka kumwambia. Sikumwambia.

Tenga saa tatu kwa makumbusho haya. Ukitoka litakuwa giza, na hakuna ubaya.

Siku ya tatu: majina ya mitaa

Panda treni ya U6 hadi Afrikanische Straße au Rehberge. Hapa kuna mtaa wa makazi uliopewa majina ya Afrika enzi za ukoloni na baada yake: Sansibarstraße, Ugandastraße, Kongostraße, Togostraße. Hakuna kivutio, hakuna duka la zawadi. Ni magorofa, miti isiyo na majani, wazee na mbwa. Lakini kutembea Sansibarstraße saa tatu asubuhi, pumzi ikitoka kama moshi, ni jambo la kuchekesha kwa aliyewahi kutembea Zanzibar yenyewe.

Ulizia Maji-Maji-Allee. Mpaka Agosti 2024 barabara hiyo iliitwa Petersallee, na ilipopewa jina hilo 1939 aliyetukuzwa alikuwa Carl Peters, yuleyule wa mikataba ya Usagara ya 1884. Wakazi na vyama vya Waafrika walidai kwa miaka mingi libadilishwe. Sasa kibao kinataja vita vya 1905 hadi 1907.

Kisha rudi na U6 hadi Mehringdamm, badili U7 hadi Hermannplatz. Dakika chache kutoka hapo ni Lucy-Lameck-Straße, iliyokuwa Wissmannstraße mpaka 2021. Wissmann ndiye aliyezima vita vya Abushiri pwani yetu. Abushiri alinyongwa Pangani Disemba 1889. Lucy Lameck alikuwa mwanasiasa wa Moshi, miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia Bunge la Tanganyika. Piga picha ya kibao, umtumie shangazi yako.

Na njaa ikikushika, uko mahali sahihi kabisa. Sonnenallee inaanzia hapohapo Hermannplatz: migahawa ya Kiarabu, mkate wa moto, falafel, kuku wa kuchoma, chai ya sukari nyingi. Kwa anayetafuta halali, huku na Kreuzberg hutapata shida. Ukitaka kuswali, msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, una minara miwili, si mbali. Ijumaa wahi.

East Side Gallery, kile kipande cha Ukuta cha mita 1,316 kilichochorwa na wasanii 1990, kiko kando ya mto. Kama upepo ni mkali, kiache. Picha zake umeshaziona, na mto ule Januari hauna huruma. Pergamonmuseum nayo ilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka. Kwenye kisiwa cha makumbusho nenda Neues Museum ukaone sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, iwapo una jioni ya ziada. Humboldt Forum, lililo jirani, hufungwa Jumanne, na lina vitu vingi vya Afrika. Uamuzi wa kwenda kuviona nakuachia.

Kula, pesa, choo

Döner, yaani mkate uliojazwa nyama ya kuchoma, ni kama euro 7 au 8 na inashibisha. Currywurst, soseji ya mchuzi, mara nyingi ni nguruwe, uliza. Kwenye masoko ya Krismasi kinywaji cha moto kiitwacho Glühwein ni mvinyo. Kisicho na kilevi ni Kinderpunsch, na hakuna atakayekucheka ukiagiza cha watoto. Kikombe unakilipia amana, ukirudisha unarudishiwa.

Tembea na pesa taslimu. Utashangaa, nchi tajiri kama ile, lakini vibanda vingi vina kibao cha "nur bar", yaani hawapokei kadi. Vyoo vingi vya umma hulipiwa, kati ya senti 50 na euro 1, kwa hiyo kila ukitoka makumbusho pitia choo hata kama huna haja. Jumapili maduka yamefungwa. Baadhi ya yale ya ndani ya Hauptbahnhof hufunguliwa, na vibanda vya Späti vya mitaani husaidia. Maji ya bomba ni ya kunywa.

Kuwa peke yako

Tatizo halisi linakuja saa kumi na moja jioni. Nje kumekuwa giza kwa saa nzima, mwili unasema ni usiku wa manane, na bado kuna saa tano za kujaza. Siku ya kwanza nilirudi chumbani, nikalala na viatu, nikaamka saa nne usiku nikiwa na njaa na huzuni isiyo na jina. Usirudi chumbani kabla ya chakula cha jioni. Weka kitu cha ndani kila jioni: kuba, kanisa, sinema, au mkahawa wenye keki na dirisha.

Kwetu ukikaa mezani peke yako mhudumu atakuuliza unamsubiri nani. Kule nusu ya meza zina mtu mmoja na kitabu. Kwenye treni, ukisalimia abiria asikujibu, usichukie. Dukani salamu hujibiwa daima.

Simu: baridi inamaliza betri ghafla, kutoka asilimia arobaini hadi kuzima. Ndiyo maana nilitaka koti lenye mfuko wa ndani. Iweke humo, karibu na mwili, na upakue ramani mapema. Tuma mahali ulipo kwa mtu mmoja nyumbani kila jioni. Namba ya dharura ni 112, polisi 110. Alexanderplatz na Warschauer Straße angalia mifuko yako. Taa nyekundu ya waenda kwa miguu usiivuke, hasa mbele ya watoto, utasemwa. Na ile njia nyekundu iliyo kando ya watu ni ya baiskeli, hawapunguzi mwendo.

Siku ya kuondoka, kusanya chupa zote za plastiki ulizonunulia maji kabla hujajua kuhusu bomba. Kila moja uliilipia amana ya senti 25. Duka kubwa lolote lina mashine ukutani. Unaingiza chupa, inazimeza moja moja kwa kelele, kisha inatoa karatasi ya kupeleka kwa keshia. Mimi nilipata euro 2 na senti 25. Nikanunua kahawa, nikainywa nikiwa nimesimama jukwaani nikisubiri S9, saa tatu kasoro asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika siku zote nne jua likatoka.